Kutoka Mtwara Hadi Naivasha: Taratibu za Safari ya Kundi Kwenda Kutazama Mbio za Magari

Miongoni mwa starehe za halali ambazo watu huweza kuzishiriki pamoja bila ya kumdhuru yeyote, ni kusafiri kwa kundi kwenda kutazama mashindano makubwa. Na katika Afrika ya Mashariki hapana mashindano ya magari yaliyovuma kuliko Safari Rally, ambayo siku hizi hufanyika nchini Kenya, kitovu chake kikiwa Naivasha. Vijana wa Mtwara mjini, wa Mikindani, wa Msimbati na wa vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma huyafuata mashindano hayo katika televisheni na simu zao, na wengi wamekwisha kutamani wayaone kwa macho yao wenyewe. Tamaa hiyo yaweza kutimia, maadamu jambo moja limefahamika tangu mwanzo: safari ya kundi hutengenea au huharibika nyumbani, miezi mingi kabla ya mtu wa kwanza kupanda gari.

Yafaa kwanza ijulikane kuwa mashindano haya si mageni kwetu. Yalianzishwa mwaka 1953, Waingereza walipokuwa wakisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zama zile barabara hazikufungwa, na dereva alishindana huku akipishana na malori, mifugo na mito iliyofurika, hata mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mfululizo mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu. Na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo zikifuatana tangu 1979 hadi 1982. Wageni kutoka ng'ambo walijaribu miaka mingi wasifaulu, mpaka Hannu Mikkola wa Finland alipolipata taji hilo mwaka 1972. Baada ya mwaka 2002 mashindano yaliondolewa katika ubingwa wa dunia, yakarudishwa mwaka 2021. Kwa hiyo, Mtanzania aendapo Naivasha aende akijua kuwa anakwenda kutazama kitu ambacho nchi yake ilikuwa na fungu katika kukijenga.

Ama wasifu wa mashindano yenyewe, hapana budi kila mwanakundi aufahamu kabla ya kutoa mchango wake, kwani wako waliokwenda wakitaraji kuona kama waonavyo uwanja wa mpira, wakarudi na manung'uniko. Rally haina uwanja mmoja. Njia hugawanywa katika vipande vinavyoitwa hatua, na katika kila hatua barabara hufungwa, magari yakaachiliwa moja moja kwa kupishana dakika chache, na kila gari likapimwa muda wake peke yake; mwenye jumla ndogo ya muda katika hatua zote ndiye mshindi. Siku hizi jumla ya njia ya kushindania haifiki kilometa 400, nayo huenezwa katika siku nne, aghalabu kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, pale Hell's Gate karibu na ziwa Naivasha. Mtazamaji aliyesimama mahali pamoja huliona kila gari kwa nukta chache tu, kisha husubiri jingine huku vumbi likitua. Vumbi lenyewe, hasa lile la hatua iitwayo Kedong, ni laini mno kwa kuwa asili yake ni majivu ya volkano, na magurudumu huzama humo kama yaliyoingia katika unga. Kundi lenye busara, basi, halitaki kuona kila kitu: huchagua hatua moja kwa siku, likafika alfajiri kabla ya barabara kufungwa, likatulia hapo mpaka gari la mwisho lipite.

Jambo la pili ni tarehe, nalo lina mtego wake. Tangu 2021 hadi 2023 mashindano yalifanyika mwezi wa Juni. Mwaka 2024 na 2025 yalifanyika Machi. Aliyepanga kwa kukumbuka mwaka uliopita angeweza kufika mahame matupu. Kalenda ya waandalizi itazamwe kwanza, ndipo mengine yafuate. Machi nayo ina mambo yake kwa watu wa pwani: masika huwa yanakaribia au yamekwisha kuanza, na katika miaka hiyo miwili siku za mashindano ziliangukia ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Sharia imempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, walakini si kila mtu hupenda kuitumia ruhusa hiyo. Kwa hivyo suala la daku, futari na swala linataka kuzungumzwa mapema na kwa heshima, na wenzao wasiofunga wakubali kuwa ratiba ya kundi itawachukua wote.

Sasa tufike kwenye fedha, ambako ndiko makundi mengi hufia. Mkoa wetu una baraka ya korosho; minada huanza yapata mwezi wa Oktoba, na malipo ya wakulima huja kupitia vyama vya msingi katika miezi inayofuata. Kundi linalokusudia kusafiri Machi lina nafasi njema ya kukusanya michango wakati ule fedha ziko mikononi, kabla hazijaingia katika ada za shule, harusi na ujenzi. Lakini aliyeajiriwa bandarini au serikalini hupata mshahara mwezi kwa mwezi, na mvuvi wa Msimbati hupata kwa kadiri ya bahari. Hivyo haifai wote kulazimishwa kulipa kwa mpango mmoja. Kinachofaa ni kuafikiana siku ya mwisho, na siku hiyo iwe kabla ya kulipia gari na malazi. Achaguliwe mhazini, na asiwe yeye aliye kiongozi wa safari. Fedha ziwekwe benki kwa saini za watu wawili. Kila mchango uandikiwe stakabadhi, ujapokuwa wa ndugu wa tumbo moja. Kadhalika iandikwe wazi nini kitatokea mtu akijitoa: atarejeshewa kiasi gani, na mpaka tarehe gani. Wahenga walisema mipango si matumizi, na kwa sababu hiyo akiba itengwe kando ya hesabu ya masurufu, isiguswe ila kwa maradhi au kuharibika kwa chombo.

Njia ni ndefu, yapata kilometa 1,500 kwa kwenda peke yake. Tangu lilipofunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji mwaka 2003, msafiri wa kusini hangoji tena kivuko cha Ndundu, naye huweza kutoka Mtwara asubuhi akalala Dar es Salaam. Siku ya pili ni Chalinze, Segera, Same na Moshi hadi Arusha. Ya tatu ni Namanga, Nairobi, kisha kuteremka Bonde la Ufa hadi Naivasha. Kundi likikodi koasta, liwe na madereva wawili, na wote wakubaliane kuwa hakuna kusafiri usiku kwa sababu ya kuwahi.

Mpakani Mtanzania hahitaji viza, lakini ahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria itolewayo na Idara ya Uhamiaji, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari nalo liwe na stakabadhi zake kamili, idhini ya mwenyewe kulivusha mpaka, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Karatasi hizi zikaguliwe mwezi mmoja kabla, kwani mtu mmoja asiye na hati huwasimamisha wote Namanga.

Malazi ya Naivasha hujaa mapema, na walio wengi hupiga mahema karibu na ziwa. Wafanyao hivyo wachague viwanja vyenye ulinzi, maana viboko hutoka majini usiku kula majani. Mji ule uko juu, zaidi ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Mtwara ataona usiku wake mrefu asipochukua sweta na blanketi.

Lakini la kutiliwa mkazo kuliko yote ni usalama kando ya njia. Mwaka 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliacha njia likawaingia watazamaji, wakafa watu watatu na makumi wakajeruhiwa. Asimame mtu mahali palipoinuka kuliko barabara, nyuma ya utepe wa wasimamizi. Asisimame upande wa nje wa kona wala mwisho wa mnyoofu, kwa kuwa huko ndiko gari lililoshindwa kukata kona hutupwa. Watoto wakabidhiwe kwa watu wazima kwa majina, na neno la msimamizi wa njia litiiwe bila ya hoja.

Ikiwa masurufu hayatoshi, isionekane kuwa jambo limekwisha. Mkwawa Rally, iliyo katika mashindano ya ubingwa wa Afrika, imefanyika Morogoro miaka ya karibuni, na huko hapana mpaka wa kuvuka wala fedha za kubadili. Kundi changa litafanya vema kuanzia huko, lijipime uaminifu na uvumilivu wake, kisha lielekeze macho Naivasha.

Basi wenye nia wakutane sasa, kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, wamchague mhazini na kuyaandika mapatano. Mshindi wa mbio watamjua kwa saa. Lakini kundi litakalorejea salama, hesabu zikasomwa mbele ya wote na asiwepo anayemdai mwenzake, litakuwa limejipatia kuaminiana, na kwa kuaminiana huko jamaa huweza kufanya mambo makubwa kuliko safari.