Trekta ya tabo na vumbi la Bukundi: nguvu haipatikani kwa kutoa filta



Kipindi hiki kabla ya mvua, huku kwetu Bukundi vumbi halina mwenyewe. Ardhi imekauka, ng'ombe wamesaga njia zote, na matrekta yanahama shamba hadi shamba ili pamba ipandwe kuanzia katikati ya Novemba. Na ndio wakati huu naulizwa sana swali moja: "Bwana shamba, trekta yangu imepungua nguvu. Fundi anasema tutoe filta na tukate bomba la moshi ipumue. Ni kweli?"

Jibu fupi: kweli trekta inataka kupumua, ila dawa hiyo itaiua.

Injini inakula hewa kiasi gani?

Kuchoma lita 1 ya dizeli kunahitaji hewa kama lita 10,000, yaani mapipa 50 ya lita 200. Trekta inayotumia lita 8 kwa saa inavuta mapipa 400 na zaidi kila saa. Sasa fikiria hewa hiyo yote inavutwa ndani ya wingu la vumbi la haro.

Ikiwa na tabo, inavuta zaidi. Tabo ni kile kifaa chenye umbo la konokono kilichofungwa karibu na mahali moshi unapotokea kwenye injini. Moshi wa moto unazungusha feni ya kwanza. Feni hiyo iko kwenye shafti moja na feni ya pili, ambayo inabana hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri na nguvu inaongezeka. Zipo injini ambazo kompresa yake inazungushwa na mkanda, lakini tabo inategemea moshi. Kwa hiyo njia ya hewa na njia ya moshi ni kitu kimoja: ukiharibu huku, na kule kunaharibika.

Feni hizo zinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, punje ya mchanga ni risasi.

Ukitoa filta

Nimeshaona trekta iliyotolewa filta "ipate kasi". Siku za mwanzo dereva alifurahi. Msimu haujaisha, ikaanza kunywa oili na kutoa moshi wa bluu, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe. Ilipofunguliwa, ringi na silinda zilikuwa zimekwanguka kama zimepigwa msasa. Mwenyewe alikuwa ameshapokea hela za kulimia watu. Akauza ng'ombe kulipia oveholi, na wale waliolipa wakachelewa kupanda. Hasara ya filta moja iligawanywa kwa kaya kadhaa.

Basi ufanye nini ili ipumue vizuri?

1. *Anza na mpira mdogo wa kutolea vumbi* chini ya nyumba ya filta, kama upo. Uminye kila siku vumbi lidondoke. Ukipasuka au ukipotea, nunua mwingine. Usizibe tundu kwa kitambaa.

2. *Usipige filta kwenye tairi.* Karatasi inachanika na hutaona kwa macho. Puliza kwa upepo mdogo usiozidi psi 30, kutoka ndani kwenda nje. Kisha weka taa ndani yake gizani: ukiona tundu la mwanga, tupa. Ile filta ndogo ya ndani haioshwi wala haipulizwi, inabadilishwa.

3. *Usiifungue kila saa.* Kila ukifungua, vumbi kidogo linaingia upande msafi. Kama trekta ina kioo cha alama, fungua kikionyesha nyekundu. Kama filta yako ni ya bakuli la oili, angalia kila siku, badilisha oili ikijaa tope, na usizidishe alama.

4. *Kagua mipira kati ya filta na injini.* Hapa ndipo wengi tunapoibiwa. Kabla ya filta, ufa mdogo hauna madhara makubwa, kwa kuwa vumbi litakamatwa mbele. Kati ya filta na tabo, ufa huo huo unavuta vumbi moja kwa moja. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira, na kikitoka na vumbi, tafuta ufa. Baada ya tabo, ufa unapoteza hewa iliyobanwa: utasikia mluzi, moshi mweusi utaongezeka na nguvu itashuka.

5. *Inua mdomo wa kuvutia hewa.* Vumbi zito liko chini. Bomba la kurefusha liwe na upana ule ule wa la mwanzo, bila kona nyingi. Na ukipiga haro, kata upepo ili usirudi kupita kwenye vumbi lako mwenyewe.

Upande wa moshi

Kabla ya tabo, kusiwe na uvujaji. Ukiona masizi meusi kwenye maungio, moshi unatoroka kabla ya kuzungusha feni. Baada ya tabo, njia iwe wazi: angalia bomba lililobonyea, kutu iliyoanguka ndani, hata kiota cha ndege kama trekta ililala miezi. Mdomo wa bomba uelekee mbali na mdomo wa hewa, la sivyo injini inavuta masizi yake.

Sailensa usiikate. Faida ni ndogo, na sailensa nzuri inasaidia kuzuia cheche. Sisi tunapita kwenye nyasi kavu na tunabeba pamba kwenye tela. Cheche moja inatosha. Na masikio ya dereva nayo ni mali.

Soma moshi kabla ya kumwita fundi

Mweusi: hewa ni kidogo au dizeli imezidi. Bluu: oili inaungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto: dizeli haiungui vizuri, au maji yanaingia. Moshi ukiwa mweusi usikubali kufunguliwa pampu "iongezewe dizeli". Unaongeza joto tu, na pistoni zinaweza kuyeyuka.

Mwisho, mwambie dereva: akimaliza kazi nzito, aiache injini iungurume taratibu dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, oili inakatika wakati tabo bado ni ya moto.

Kabla hujalipia nguvu mpya, hakikisha hujapoteza ile uliyonunua nayo. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, pita na kitambaa cheupe. Kikitoka kichafu, trekta ibaki nyumbani siku hiyo.