Je, Wajua? Samaki Wanaozaa Sebuleni

Je, wajua kwamba gupi, yule samaki mdogo mwenye mkia kama pazia, hatagi? Huzaa. Mayai hukomaa na kuanguliwa tumboni mwa mama, na baada ya wiki tatu au nne vitoto hutoka vikiogelea. Ukitazama doa jeusi nyuma ya tumbo lake siku za mwisho, pengine utaona vijicho vinakutazama. Plati na moli nao huzaa hivyo hivyo. Ni ukoo mmoja, na kwao ni Amerika.

Jina gupi linatoka kwa Robert John Lechmere Guppy, Mwingereza aliyeishi Trinidad na kupeleka samaki hao London. Mwaka 1866 walipewa jina lake. Kumbe tangu 1859 Mjerumani Wilhelm Peters alikwisha kuwaandika kutoka Venezuela, ndiyo maana jina rasmi likabaki Poecilia reticulata. Guppy alishindwa vitabuni, akashinda sokoni.

Je, wajua kwamba mji wa Lubumbashi unawafaa? Chini yake kuna miamba ya dolomiti, na maji yanayopita humo huwa magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Anayeosha birika hununa. Moli hunenepa.

Sasa shaba. Ikizidi majini huua samaki, na konokono wa tangi ndio hutangulia. Maji magumu huipunguzia makali, lakini usijaribu bahati: kile kipande cha malakiti ulichonunua kwa mafundi wa mjini ni madini ya shaba, kwa hiyo kikae juu ya kabati, si ndani ya tangi.

Na hapa wengi hujikwaa. Ile dawa ya kijani inayotibu ugonjwa wa madoa meupe huitwa kijani cha malakiti, lakini haina malakiti hata chembe, wala shaba. Ni rangi ya kiwandani, mfano wa zile za kutia nguo, iliyopewa jina kwa kufanana tu na jiwe letu. Kusaga jiwe ili kutibu samaki ni kuwapa sumu. Na samaki waliotiwa dawa hiyo hawaliwi, ingawa sijui nani angekaanga gupi.

Madoa yenyewe hupenda kuja na baridi. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa mwezi wa sita au wa saba joto linaweza kushuka chini ya digrii 10, wakati gupi anataka maji ya digrii 22 hadi 26. Plati huvumilia zaidi. Zungushia tangi blanketi usiku, na maji mapya yatoe kwanza ubaridi; yakiwa ya bomba, yaache siku nzima ndani ya ndoo wazi ili klorini itoke. Mbabula ibaki nje! Hewa ya makala huua watu waliolala.

Umeme ukikatika? Chota maji kwa kikombe, yamwage kutoka juu, rudia. Tangi pana lenye samaki wachache husubiri muda mrefu kuliko lile jembamba lililojaa.

Je, wajua kwamba mama hula wanawe? Hana chuki, kinachopita mbele ya mdomo ni chakula. Majani mengi ndiyo maficho.

Kuna moli wa Mexico na Texas ambao wote ni majike. Huhitaji dume wa aina nyingine ili kuamsha mayai tu, kisha huzaa nakala zao wenyewe. Wanaitwa moli wa Amazon kwa ajili ya wanawake mashujaa wa hadithi za Wagiriki; ule mto wa Brazil haumo.

Jike wa gupi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akazaa tena na tena akiwa peke yake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, yaliyofanywa Trinidad, yalionyesha kwamba jike mmoja tu akitupwa ndani ya maji mageni anaweza kuanzisha kabila zima. Ndiyo sababu usimwage tangi lako ndani ya mto Kafubu, hata kama jirani anasema watakula mabuu ya mbu. Watayala, na vitoto vya samaki wengine pia.

Maana Katanga ina samaki wake wa rangi, Nothobranchius, ambaye huishi katika vidimbwi vya mvua. Kiangazi kikikausha kidimbwi, wakubwa wote hufa. Mayai hubaki ndani ya tope, mtu akipita juu yake kwa baiskeli bila kujua, mpaka mvua irudi.