Kituo cha kuchaji magari ya umeme madukani: Yanayofaa kupangwa kabla ya saruji kumwagwa

MAJUMBA ya kibiashara jijini Nairobi yamezoea kushindania wateja kwa maduka ya jumla, mikahawa na kumbi za sinema. Sasa limezuka swali jingine ambalo baadhi ya wateja huuliza wanapofika langoni: je, gari la umeme linaweza kuchajiwa hapa?

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Wakazi wengi wa jiji huishi katika nyumba za kupanga za ghorofa, ambako gari huegeshwa popote penye nafasi na hakuna soketi karibu. Mpangaji wa aina hiyo hawezi kuthubutu kununua gari la umeme bila uhakika wa mahali pa kulichaji. Vituo vya umma visipojengwa, au vikijengwa ovyo, magari haya yatabaki kuwa ya wenye nyumba zilizo na ua na lango lao.

Jumba la maduka ni mahali panapofaa kwa kazi hii. Mteja hukaa hapo saa moja au mbili huku gari likiwa limesimama, na tayari pana walinzi, taa na vyoo. Hata hivyo, msimamizi anayefikiria kununua chaja na kuzifunga ukutani tu huenda akajikuta mashakani.

Jambo la kwanza ni hesabu ya umeme. Chaja ya kawaida inayotumia umeme wa aina ileile ya nyumbani hutoa takribani kilowati 7, na zile za nyaya tatu za fezi hufikia kilowati 22. Chaja za kasi, ambazo hupeleka umeme moja kwa moja kwenye betri, mara nyingi huanzia kilowati 50.

Chukulia jumba lenye transfoma inayoweza kubeba kilowati 450, na ambalo hutumia kilowati 380 saa za jioni wakati taa, lifti na majokofu vyote vinafanya kazi. Likiongeza chaja mbili za kilowati 50 na sita za kilowati 7, mzigo mpya ni kilowati 142. Jumla inakuwa 522, na transfoma imelemewa. Anayeumia hapo si mwenye gari pekee, bali pia mwenye bucha ambaye nyama yake iko kwenye friji.

Tiba ya tatizo hilo si lazima iwe transfoma kubwa zaidi. Ipo mitambo inayopunguza nguvu za chaja jumba linapotumia umeme mwingi, kisha ikaziongeza mzigo unapopungua. Ni nafuu kuamua hilo wakati wa kuchora ramani kuliko baada ya umeme kukatika mara mbili tatu.

La pili ni aina ya chaja. Gari lenye betri ya uniti 40 ambalo limebakisha robo huhitaji uniti 30 ili kujaa. Kwa chaja ya kilowati 7, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa nne, muda ambao mnunuzi wa mboga na mkate hana. Kwa chaja ya kilowati 50, gari hilo hilo linaweza kufika asilimia 80 kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa hivyo chaja za polepole zinawafaa zaidi wafanyakazi wa jumba wanaoshinda hapo kutwa, nazo za kasi ziwe za wateja na madereva wa teksi.

Mkanganyiko mwingine uko kwenye plagi. Kenya huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japan, na gari kama Nissan Leaf kutoka huko hutumia plagi ya kasi iitwayo CHAdeMO. Magari ya Ulaya hutumia CCS2, ilhali yale yaliyoundwa kwa soko la China huja na GB/T. Kituo chenye plagi ya aina moja tu kitawafukuza wateja wengine, na dereva aliyefika hapo betri ikiwa imebakisha asilimia tano hatakuwa na pa kwenda.

Kuhusu bei, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliidhinisha ada maalumu ya umeme wa magari iliyoanza kutumika Aprili 2023. Ada hiyo ilikuwa Sh16 kwa kila uniti, na Sh8 katika saa ambazo matumizi ya umeme nchini ni madogo, kabla ya kodi na tozo nyinginezo. Kwa kiwango hicho, uniti 30 humgharimu mwenye kituo Sh480 kabla ya tozo hizo, naye huongeza juu yake gharama ya mitambo na faida yake.

Nafuu ya saa hizo ina maana yake. Usiku wa manane mahitaji ya umeme hushuka, ilhali mitambo ya mvuke wa ardhini kule Olkaria inaweza kuendelea kuzalisha. Tatizo ni kwamba wakati huo jumba la maduka limefungwa. Msimamizi mwerevu anaweza kuacha lango moja wazi kwa teksi na magari ya kusambaza bidhaa, au kuweka betri kubwa inayohifadhi umeme wa bei nafuu kwa matumizi ya mchana.

Jua nalo linaweza kusaidia. Jumba la Garden City katika barabara ya Thika liliwekewa paneli za kawi ya jua juu ya maegesho mwaka 2015, zenye uwezo wa kilowati 858. Paa la namna hiyo hukinga magari dhidi ya jua na mvua huku likizalisha umeme mchana, wakati ambao wateja wapo.

Umeme wa taifa ukikatika, kama ulivyokatika karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, jenereta za dizeli huwashwa. Inafaa kuamuliwa mapema iwapo chaja zitaendelea kufanya kazi kwa jenereta, jambo ambalo ni ghali na linalochafua hewa, au zitazimwa ili maduka yasikose umeme.

Usalama haufai kuachwa nyuma. Betri ya lithiamu ikishika moto huwa vigumu kuizima, huhitaji maji mengi na inaweza kuwaka tena. Kwa sababu hiyo, ni heri chaja ziwe mahali pa wazi ambapo gari la zimamoto linaweza kufika, badala ya orofa ya chini ya ardhi. Nyaya zilindwe pia dhidi ya wezi wa shaba.

EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchajia na kubadilishia betri mwaka 2023. Anayepanga kituo anafaa kuusoma na kuzungumza na Kenya Power kabla ya kuagiza mitambo, wala si baada ya makasha kufika bandarini Mombasa.

Pana pia funzo la kibiashara. Kampuni ya teksi za umeme ya Nopea Ride ilianza kazi Nairobi mwaka 2018, lakini ikafunga shughuli zake mwaka 2022. Kituo kinachotegemea mteja mmoja mkubwa huanguka naye. Isitoshe, sehemu kubwa ya vyombo vya umeme nchini ni pikipiki, hivyo kabati la kubadilishia betri za bodaboda huenda likaleta wateja wengi kuliko chaja ya magari.

Mwisho ni nidhamu ya maegesho. Gari la petroli likiegeshwa mbele ya chaja, au la umeme likiachwa hapo baada ya kujaa, kituo huwa pambo tu. Mlinzi apewe mamlaka ya kuwaondoa wanaoziba nafasi, ada ya kukawia itangazwe kwa maandishi makubwa, na malipo yakubaliwe kwa M-Pesa.

Asiyekuwa na fedha za chaja nyingi anaweza kuanza na mbili. La muhimu ni mabomba ya nyaya za chaja kumi yazikwe ardhini kabla ya saruji kumwagwa, kwani kuichimbua baadaye ndiyo gharama ambayo wengi hawaihesabu.