Walipanda Miti Katika Nchi Isiyowataka

Katika vijiji vyetu vingi iko sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mzee aijua. Mgeni akija kuomba kipande cha shamba, atapewa. Apande maharagwe, apande mahindi, apande viazi, hakuna atakayemkataza. Lakini asipande mwembe, wala mparachichi, wala mgomba. Kwa nini? Maharagwe huvunwa baada ya miezi mitatu, na mgeni akiambiwa aondoke ataondoka na gunia lake kichwani. Mti haubebwi. Mtu aliyepanda mti wa matunda amekwisha kusema, bila kufungua kinywa: mimi nakaa hapa, na watoto wangu watakaa hapa.

Basi, wasomaji wapendwa, twataka kuwasimulia habari za watu waliovuka bahari kubwa ya Pasifiki wakaenda kupanda miti katika nchi ya wengine. Watu hao ni Wajapani, na nchi hiyo ni California, upande wa magharibi wa Marekani. Vijana wetu wengi hutamani kwenda ng'ambo kuanza maisha mapya. Huuliza nauli ni kiasi gani, huuliza na mshahara. Swali moja hawaliulizi: je, huko niendako nitaruhusiwa kupanda mti?

Vibarua wasio na nyumba

Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Japani walianza kufika California kwa wingi. Karibu wote walikuwa wanaume wasio na wake. Walifanya kazi ya njia za reli, na hasa kazi ya mashamba ya Wazungu. Walifuata mavuno kama ndege wafuatavyo mvua: leo mahali pa stroberi, kesho mahali pa matunda ya miti, na majira ya joto yakiisha, zabibu. Walilala katika vibanda vya vibarua. Nia yao ilikuwa moja: kukusanya fedha na kurudi kwao. Lakini wengi hawakukusanya kitu, kwa sababu mshahara wa juma uliishia kwenye kamari.

Kati ya Wajapani hao alikuwako mtu mmoja, jina lake Kyutaro Abiko. Alizaliwa mwaka 1865, akafika San Francisco mwaka 1885. Alikuwa Mkristo. Baadaye akawa mwenye gazeti, Nichibei Shimbun, lililosomwa na Wajapani wa California. Katika gazeti hilo alirudia neno lilelile bila kuchoka: acheni maisha ya kuhamahama, oeni, nunueni ardhi, pandeni. Alifikiri kwamba Wamarekani huwachukia Wajapani kwa sababu huwaona ni watu wa kuchuma na kwenda zao. Wakiwaona wamejenga nyumba na kulea watoto, chuki itakwisha. Mawazo yake yalikuwa mema, lakini katika jambo hilo la mwisho alikosea, kama tutakavyoona.

Abiko hakuishia kwenye maneno. Karibu na mji mdogo wa Livingston, katika bonde kubwa la kati la California, kampuni yake ilinunua ardhi ipatayo hekta 1,300. Ardhi hiyo ilikatwa vipande vya hekta 16 hivi, nayo ikauzwa kwa Wajapani wenzake. Wakaiita Yamato, ambalo ni jina la kale la Japani. Wakulima wa kwanza walifika mwaka 1906.

Mchanga na upepo

Msifikiri walikuta bustani. Walikuta mchanga mtupu. Watu wengine walikuwa wamejaribu kulima mahali hapo kabla yao, wakashindwa. Upepo ulipovuma, mchanga ulirushwa ukaiumiza miche michanga, na panzi walikuja kumaliza yaliyobaki. Maji ya kumwagilia ilipasa yaletwe kwa mifereji, kwa maana katika bonde lile mvua hainyeshi wakati wa joto.

Walichagua kupanda mizabibu na mipichi. Pichi, ambalo wengine huliita fyulisi, ni tunda la mviringo, ngozi yake ina vinyweleo laini kama shavu la mtoto, nyama yake ina maji mengi matamu, na ndani mna kokwa ngumu. Mti wenyewe si mkubwa, lakini hauna huruma kwa mvivu. Wakati wa baridi lazima upogolewe, matawi ya zamani yakatwe ili mapya yapate kuota, maana mpichi huzaa kwenye vijiti vilivyoota mwaka uliotangulia. Baada ya maua, mkulima hupita mti kwa mti akiangusha kwa mkono wake mwenyewe matunda machanga yaliyosongamana. Mtu asiyejua atadhani ana wazimu. Lakini asipofanya hivyo atavuna matunda madogo kama limau, na matawi yatavunjika kwa uzito. Kisha mavuno huja yote pamoja, katika siku chache za joto kali, na pichi lililoiva halingoji mtu.

Tena mche wa mpichi uliopandwa leo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Katika miaka hiyo ya kungoja, watu wale walikula nini? Walipanda mboga katikati ya mistari ya miche: biringanya, nyanya, viazi vitamu. Wake walianza kufika kutoka Japani, wengine wakiwa wameolewa kwa kubadilishana picha tu, hawajamwona mume kwa macho. Watoto wakazaliwa. Wakajenga kanisa, maana wengi walikuwa Waprotestanti. Wakaanzisha ushirika ili wanunue na kuuza pamoja. Na wakapatana jambo moja ambalo mimi nimelifikiria sana: wasifungue maduka mjini, ili wafanyabiashara Wazungu wa Livingston wasione wamenyang'anywa wateja. Walinunua unga na misumari kwa Wazungu, na Wazungu wakawafahamu.

Sheria ya miaka mitatu

Sasa tuje kwenye sheria. Tangu mwaka 1790, sheria ya Marekani ilisema kwamba mgeni awezaye kupewa uraia ni mtu mweupe tu. Mwaka 1870, baada ya utumwa kukomeshwa, wakaongezwa watu wa asili ya Afrika. Watu wa Asia hawakuongezwa. Mjapani angeweza kukaa Marekani miaka arobaini, akalipa kodi, akazika wazazi wa watoto wake huko, naye akabaki mgeni hata kufa.

Mwaka 1913 wakuu wa California wakatumia jambo hilo kama kisu. Wakatunga sheria kwamba mgeni asiyeweza kupewa uraia haruhusiwi kununua ardhi ya kilimo. Neno "Mjapani" halikuandikwa ndani yake, lakini kila mtu alijua ni nani aliyelengwa. Mgeni huyo aliruhusiwa kukodi shamba, lakini si zaidi ya miaka mitatu.

Miaka mitatu! Sasa mnaona kwa nini niliwaambia mshike hesabu. Katika miaka mitatu mtu aweza kuvuna mboga mara nyingi. Lakini mpichi? Akiukodi mchanga, akauchimba, akauletea maji, akaupanda, siku mti unapotoa maua yake ya kwanza yenye faida, mkataba umekwisha na mwenye ardhi anachukua shamba lenye miti. Sheria ile ilikuwa ile ya wazee wetu: panda maharagwe, usipande mwembe. Tofauti ni kwamba wazee wetu humwambia mgeni tangu siku ya kwanza, ana kwa ana.

Mwaka 1920 sheria ikakazwa zaidi: hata kukodi kukakatazwa. Mwaka huohuo bango likasimamishwa Livingston kusema kwamba Wajapani wengine hawatakiwi hapo. Ndipo lilipoonekana kosa la Abiko. Wajapani walikuwa wamefanya yote aliyoyashauri, wakaoa, wakajenga, wakapanda. Na sasa walichukiwa kwa sababu hawaondoki.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi. Mtoto aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, awe wa rangi yoyote. Basi wazazi waliandikisha mashamba kwa majina ya watoto wao. Serikali ya California ilijaribu kuwazuia wazazi wasiwe wasimamizi wa mali hiyo, lakini mwaka 1922 mahakama kuu ya jimbo hilo ikakataa, ikisema kwamba baba au mama hawezi kunyimwa haki ya kuangalia mali ya mtoto wake kwa sababu ya taifa lake. Kwa hiyo yalikuwako mashamba ya mipichi ambayo mwenyewe, kwa karatasi, alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na baba yake mwenye mikono migumu alikuwa kama mtumishi wake.

Mwezi wa Mei, matunda mabichi

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilipiga bandari ya Pearl Harbor. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akatia sahihi amri iliyowaruhusu wakuu wa jeshi kuwaondoa watu katika sehemu za pwani ya magharibi. Watu wapatao 120,000 wenye damu ya Kijapani walifungiwa kambini. Theluthi mbili ya hao walikuwa raia, wazaliwa wa Marekani. Hakuna aliyeshtakiwa mbele ya hakimu.

Watu wa Livingston waliondoka mwezi wa Mei. Mkulima wa matunda anajua maana yake: maua yamekwisha, matunda ni mabichi, bado majuma machache mavuno yaanze. Walipelekwa kwanza Merced, katika uwanja wa maonyesho, kisha kwa treni hadi kambi ya Amache katika nchi kavu ya Colorado, pamoja na watu wengine zaidi ya 7,000.

Mahali pengi watu waliuza kila kitu kwa bei ya aibu, maana mnunuzi alijua kwamba muuzaji ana siku chache tu. Wakulima wa Livingston na wa vijiji viwili jirani vya Wajapani, Cressey na Cortez, walitumia akili nyingine. Waliyaweka mashamba yao yote pamoja chini ya msimamizi mmoja, Mzungu, aliyelipwa kuyaangalia na kuyakodisha. Walikwisha kuzoea ushirika. Siku ya shida ushirika ukawashika mkono.

Upande wa kaskazini, mahali paitwapo Florin, kijana mmoja Mzungu, Bob Fletcher, aliacha kazi yake ya ukaguzi wa mazao serikalini akayaangalia mashamba ya zabibu ya jamaa tatu za Kijapani. Majirani walimtukana, na siku moja risasi ilipigwa kwenye ghala. Waliokwenda kambini walimwambia akae katika nyumba yao. Yeye akalala katika kibanda cha vibarua. Walimruhusu achukue faida yote, alichukua nusu. Waliporudi mwaka 1945 walikuta mashamba yao, na fedha zao benki. Fletcher alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 101.

Na huko Amache? Palikuwa mchanga na upepo tena, kama Livingston ya mwaka 1906. Wafungwa wakachimba kuzunguka vibanda vyao, wakapanda miti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Denver wamechimbua mabaki ya bustani zao, wakakuta maganda ya mayai yaliyopondwa na kuchanganywa na udongo ili kuutia nguvu. Ni watu waliokuwa hawajui kama watakaa mahali pale mwaka mmoja au kumi.

Kurudi

Wengi wa watu wa Livingston walirudi mwaka 1945, kwa kuwa walikuwa na pa kurudi. Mwaka 1952 sheria ya Marekani ilibadilishwa, na Wajapani wakaruhusiwa kuwa raia. Wazee wenye mvi waliketi darasani kujifunza maswali ya uraia. Tangu miche ya kwanza ipandwe ilikuwa imepita miaka 46. Mpichi huzaa vema kwa miaka kumi na mitano, labda ishirini. Yaani kabla sheria haijamkubali mkulima, miti yake ya kwanza ilikuwa imezeeka na kung'olewa, ikapandwa mingine, na hiyo nayo ikazeeka.

Mwaka 1956 watu wa California walipiga kura wakaifuta ile sheria ya ardhi. Mwaka 1988 serikali ya Marekani iliomba radhi kwa mambo ya kambi, ikatoa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Wengi waliopanda miti ile mchangani walikuwa wamekwisha kufa. Abiko mwenyewe alifariki mwaka 1936, wala hakuziona kambi.

Livingston ipo hata leo. Milozi na viazi vitamu vimechukua mahali pa mipichi mingi. Na wageni wengine wamekuja, Masingasinga kutoka Punjab, wenye vilemba vyao, nao wamejenga nyumba ya sala na wanapanda milozi. Mlozi huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.