Alijipamba ili Aonekane

Nasaba za ukoo hukaririwa kwa majina ya wanaume. Mzee atakuhesabia fulani bin fulani mpaka afike Hadhramaut au Shiraz, na katika safu yote hiyo usimsikie mwanamke hata mmoja. Ndiyo maana picha ya kale ya bibi ina uzito wa pekee katika nyumba za Unguja. Mara nyingi hiyo ndiyo nasaba waliyoachiwa kina mama.

Picha hizo zina adabu zake. Ya babu, amevaa kanzu na joho, hutundikwa sebuleni mgeni aione. Ya bibi hukaa ndani, kwenye albamu au ndani ya kasha pamoja na hati za nyumba, na hutolewa wanawake wakiwa wenyewe kwa wenyewe: Sikukuu, harusini, au baada ya hitima watu wakishakunywa kahawa. Wako wasiotundika picha yoyote, wakichelea malaika wa rehema wasiingie nyumbani. Hata hao hawazichani. Huzifunga kitambaa wakazihifadhi.

Iliyopo kwetu ni ya mama wa bibi yangu, ya miaka ya 1920 kwa makadirio ya wazee. Amesimama kando ya meza ndogo, nyuma yake pazia lililochorwa nguzo na bustani ambazo hakuwahi kuzikanyaga. Ana majasi masikioni na kipini puani. Kanga moja kajifunga, ya pili kajitanda, na kwenye pindo pana maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Shangazi yangu, aliyezisoma herufi hizo chuoni utotoni, hujaribu kila mara kuyamaliza, lakini mkunjo wa nguo umeyameza ya mwisho. Kisha hunishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga: "Hilo paji la uso umelitoa hapa." Nami huhisi joto usoni, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Kanga zile si pambo tu. Katika enzi ya utumwa, mavazi yalimtangaza mtu. Mtumwa alivaa merikani, au kaniki nyeusi ya kazi, na kujifunika kichwa au kuvaa viatu kulikuwa heshima ya waungwana. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Waliotoka utumwani walianza kuvaa walivyotaka, na kanga, nguo iliyokuwa bado mpya mjini, ikawa yao. Kuvaa doti mpya na kwenda studio kulikuwa kusema jambo mbele ya watu. Mama yake mwanamke huyu aliletwa kisiwani kwa jahazi. Ukoo wetu haulitamki hilo waziwazi, lakini nikiitazama picha naliona: binti amesimama wima, kapambwa kwa kila alichonacho, anaitazama kamera bila kuinamisha macho. Alitaka tumwone hivyo. Mimi, kitukuu chake, sioni haki ya kumwona vingine.

Wapiga picha wa mjini enzi zile, wengi wao Wagoa kama akina Gomes na Coutinho, walikuwa na biashara ya pili. Picha za wenyeji zilichapwa kuwa kadi za posta, zikauzwa kwa abiria wa meli, na chini yake hapakuandikwa jina la mtu, bali "mwanamke wa Kiswahili" na basi. Kadi hizo mpaka leo ziko makumbushoni na minadani Ulaya. Zinaniuma. Kila mmoja mle ndani ni bibi wa watu fulani, na watu hao wanaweza kuipita picha yake wasimjue.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 koo nyingi zilitawanyika, na albamu zikaenda Muscat na Dubai. Siku hizi zinarudi kwa simu: ndugu anapiga picha ya picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na wazee wanajibu kwa sauti wakitaja nani ni nani. Kazi hiyo ni njema na haina muda wa kusubiri. Lakini shangazi hataki ya kwetu itumwe. Anasema bibi alipiga picha kwa ajili ya watu wake, na simu haina mlango. Naegemea upande wake, ingawa binamu zetu wa Muscat wanaidai kwa haki.

Tulikubaliana kwamba atakayekuja ataonyeshwa. Likizo iliyopita aliletwa mtoto aliyepewa jina la mwanamke huyo. Alikalishwa mkekani, akaambiwa, "Huyu ndiye somo yako, msomee Fatiha." Akasoma. Kisha akauliza jina la mama wa bibi huyu. Shangazi alilitaja jina, akaongeza kuwa alipakiwa jahazini Kilwa. Hilo la Kilwa wengi wetu tulilisikia siku hiyo.