Kitenzi "Paki" na Jamaa Zake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vilivyoingia katika Kiswahili, "paki" hudharauliwa na wengi kuwa ni neno la madereva tu. Hata hivyo kitenzi hiki kidogo kimeleta katika sarufi tatizo linalostahili kuangaliwa.

Katika Kiingereza "park" lilianza kuwa jina, si kitenzi. Lilitokana na Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa ardhi iliyozungushiwa ua ambamo wafalme na mabwana waliweka wanyama wa kuwindwa. Maana hiyo ingali hai katika jina la Kiingereza la Hifadhi ya Serengeti. Baadaye wanajeshi waliuita hivyo uwanja wa kupanga mizinga na magari yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 jina likawa kitenzi, na magari ya mota yalipoenea katika karne ya 20, kitenzi kikayafuata.

Taabu yaanzia kwenye mnyambuliko. Rudi hutoa rudia na rudiwa. Amini hutoa aminia na aminiwa. Kwa kanuni hiyo paki yapaswa kutoa pakia na pakiwa. Lakini pakia ni kitenzi cha kale cha Kibantu, mwenzake pakua, chenye maana ya kutia shehena chomboni. Na paka, yaani kusiliba, nacho hutoa pakia. Mgeni amekuta nyumba ina wenyewe wawili.

Mahali panapolidhihirisha jambo hili ni Kigongo, wilayani Misungwi, ambako barabara itokayo Usagara huifikia Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi, mpaka daraja la takriban kilometa 3 lilipofunguliwa Juni 2025, magari yalivushwa hapo kwenda Busisi kwa kivuko. Dereva alipaki kwenye foleni, kisha gari likapakiwa. Aliyeambiwa "gari limepakiwa Kigongo" aliweza kufahamu kuwa limeachwa ufukoni, au limetiwa kivukoni, au limejazwa mizigo. Na kwa mwenye marobota ya pamba ndani yake, tofauti hiyo si ya wanasarufi peke yao.

Wasemaji wamejiokoa kwa njia yao. Husema "gari limepaki pale", wakilifanya gari kuwa mtendaji. Wako wanaoliona hilo kuwa kosa. Lakini huenda ni kwa sababu nafasi ya kutendwa ilikwisha kaliwa na pakiwa ya shehena.

Kuna na paki nyingine, ya kufunga mizigo, itokanayo na "pack". Waingereza huyatenga maneno hayo mawili kwa irabu; Kiswahili kina "a" moja tu.

Egesha halina mashaka hayo. Ni jamaa ya egama na egemea, na lilitumika kwa vyombo vya majini kabla ya magari: jahazi huegeshwa gatini. Latoa egeshwa, egeshea na jina maegesho, wala haligongani na lolote. Kwa hiyo katika matangazo na sheria za barabarani lafaa kutangulizwa. Paki lisifukuzwe, kwani limekwisha zoeleka. Ila mtunga kamusi aliweke peke yake, mbali na pakia, na aonyeshe kuwa umbo lake la kutendwa huepukwa.