Subira Yavuta Mawimbi

Yapo makelele ambayo sikio halisikii. Ukifika Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita, utasikia makarasha yakisaga mawe ya dhahabu. Lakini washa redio ya mawimbi marefu mahali kama hapo, nawe utagundua makelele mengine: mikwaruzo ya mota na plagi za injini za petroli, mvumo wa chaja za simu na wa vidhibiti vya umeme wa jua. Juu ya hayo huja radi, maana Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi mno duniani. Je, katika vurugu hiyo, ishara dhaifu itokayo mbali yaweza kusomeka?

Kanda hii si ngeni kwa simu ya upepo. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na vituo vyake Mwanza na Bukoba. Na Novemba 1917, meli yao ya angani L59, iliyowachukulia askari wao wa Afrika Mashariki risasi na dawa, iligeuzwa njiani ikiwa juu ya Sudan kwa amri iliyorushwa kutoka Nauen, Ujerumani. Neno moja lililosikika lilibatilisha safari nzima.

Nauen ilikuwa na mitambo mikubwa. Waendeshaji redio wa ridhaa hawana. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliwatengea kipande chembamba, kilohezi 135.7 hadi 137.8, kwa nguvu ya mnururisho isiyozidi wati 1. Wimbi moja hapo lina urefu wa mita 2,200 hivi. Kwa hiyo hata mlingoti mrefu wa nyumbani ni kijiti tu mbele yake.

Silaha yao ni subira. Katika Morse ya kawaida nukta huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Wao huinyoosha hadi sekunde 30. Mathalani, 5H, alama za mwanzo za vituo vya ridhaa vya Tanzania, ambazo kwa kawaida hupita kwa sekunde mbili, huchukua dakika tisa na nusu. Hapo sikio halifai tena. Kompyuta huchora nukta na vistari kwenye kioo, nawe wasoma kwa macho.

Kwa nini polepole? Mchimbaji anajua: maji yakienda kasi juu ya magunia ya kuoshea mchanga, dhahabu laini huchukuliwa, yakienda taratibu, hutua. Vivyo hivyo, ishara inayodumu huiruhusu kompyuta kusikiliza kwenye upenyo mwembamba mara 300, na makelele yanayopenya hupungua kwa kiasi kama hicho.

Lakini subira pekee haitoshi ikiwa adui yumo nyumbani mwako. Endesha chombo kwa betri, kisha zima kila kitu, ukianza na chaja na taa za LED, na uwashe kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane. Ukitumia antena ya kitanzi, izungushe mpaka makelele ya jirani yafifie. Usiku wa manane makarasha yakinyamaza, au kiangazi radi zikipungua, ndio wakati wako. Anga likianza kunguruma karibu, chomoa antena mara moja. Hakuna ujumbe unaostahili uhai wako. Na kurusha ni kwa leseni ya TCRA tu.

Usimwendee jirani kumwambia azime karasha. Ndilo ugali wa watoto wake. Anza kwako. Aghalabu makelele tunayoyalaumu mtaani hutoka kwenye chaja iliyosahauliwa ukutani mwetu wenyewe.